Wazungu wa Mama Rosette

Kwenye mtaa mmoja mfupi nyuma ya kambi ya jeshi ya Katindo, watu waliotaka kujua kama vita vinakaribia hawakuhangaika na redio. Redio husema ilicholipwa iseme. Walimngoja Charline, aliyefanya kazi ya nyumbani kwa wazungu kando ya ziwa, na kila jioni aliposhuka kwenye pikipiki, hata kabla hajatafuta noti za kumlipa dereva, mtu mmoja lazima angeuliza.

"Mama Rosette, bazungu bako bangali pale?"

"Bangali. Leo bamekula samaki."

Basi watu wanakwenda kulala.

Msicheke. Goma ni mji uliokimbiwa mara nyingi, na kila mara wazungu ndio waliotangulia kuondoka. Wao wana watu wa kuwaambia. Siku moja unawaona wakipakia, siku ya pili risasi zinalia. Kwa hiyo mwenye akili huwachunguza: masanduku, jenereta, na zaidi ya vyote mbwa. Katika vita vilivyopita kuna familia iliyomwacha mpishi wake, walinzi wake wawili na nguo kwenye kamba, lakini mbwa alikaa kiti cha mbele akitazama barabara. Tangu hapo mtaa mzima ulikubaliana: mbwa akiwa bado nyumbani, hakuna haja ya kufunga mizigo.

Charline aliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko hata ile aliyolipwa. Alikuwa Muhunde wa milima ya Masisi, na kabla hajafika miaka ishirini alikuwa amekimbia mara tatu: mara ya kwanza amebebwa, mara ya pili amebeba, mara ya tatu akiwa peke yake. Mumewe aliondoka siku moja kutafuta ng'ombe waliobaki, asirudi tena. Alichokuwa nacho ni binti yake Rosette wa miaka tisa, chumba cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na jina. Watu walimwita mtu wa kweli. Hakuongeza chumvi, hakupunguza. Mwezi wa saba mwaka ule wa 2012, wakati mji mzima ulikuwa na vitu kichwani, Charline alisema tu, "Bamenunua frigo mupya," na mtaa, uliojua kwamba mtu hanunui friji ya kuiacha, ukafungua mizigo, na kweli waasi hawakufika. Jirani yake Kambere, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeleta maharagwe kutoka Kiwanja, alimtania kwamba wangempa cheo pale kambini, maana alijua mambo kuliko makoloneli.

Mke wa Kambere, Julienne, ndiye aliyekuwa mwenzake wa kila kitu. Waliazimana makaa, chumvi, na hata hasira.

Sasa ikafika Novemba. Mapigano yalikuwa Kibumba, kwenye barabara ya Rutshuru, na watu wa kambi za wakimbizi walianza kuteremka na magodoro. Alhamisi moja Madame, mwajiri wake, alirudi mapema kutoka ofisini, akajifungia chumbani na mumewe kwa muda mrefu. Mumewe aliitwa Carlos, Mwarjentina mkubwa mwenye goti bovu, mkuu wa magari na maghala kwenye shirika lao la misaada. Walipotoka, Madame alikuwa anatabasamu.

Alisema Jumamosi kuna mashindano ya kimataifa ya raga huko Kigali. Timu za Uganda, Kenya, Burundi, na nyingine za mbali. Carlos aliwahi kuucheza mchezo huo mpaka goti likamsaliti. Wataenda familia nzima, yeye, Carlos, Mateo wa miaka sita na Pilar wa miaka miwili. "Na wewe, Charline. Wewe ni mtu wa familia. Unahitaji kupumzika siku moja." Akamuuliza kama karatasi yake ya kusafiria bado ni nzuri.

Charline alifurahi. Lazima isemwe, kwa sababu baadaye furaha hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko kitu chochote. Miaka mitano alikuwa amepakata watoto wa watu, na hakuna aliyewahi kumwalika mahali ili akae na kutazama.

Lakini hakuwa mjinga. Ijumaa, akiwa anamenya viazi na Madame, aliuliza wazi. "Madame, ku Kibumba banapigana. Tutarudi?"

Madame aliweka kisu chini. Alimshika bega, akamtazama machoni, akamjibu kwa Kifaransa cha polepole kwamba watarudi Jumamosi ile ile, kabla mpaka haujafungwa. Charline akauliza tena kama anaweza kumchukua Rosette. Madame akasita kidogo tu. Gari limejaa, alisema, na mtoto hana karatasi. Ni siku moja tu.

Charline akatazama kibarazani. Mbwa wao, Tango, alikuwa amelala kwenye mkeka wake, na mlinzi alikuwa amekwisha pewa nyama ya kumlisha mbwa Jumapili. Moyo wake ukatulia.

Jioni ile aliwaambia watu wote. Alisimama katikati ya njia na sauti yake ilikuwa na maringo kidogo, kwa nini isiwe nayo. "Kesho banaenda kutazama mupira ku Kigali, na miye naenda nabo. Banarudi mangaribi. Mbwa anabaki."

"Mbwa anabaki?" Julienne aliuliza.

"Anabaki. Hata nyama yake iko pale."

"Basi enda, mupenzi. Rosette atakula kwetu. Utuletee biskuti ya bazungu."

Alfajiri walivuka mpaka, wakapanda milima ya Rwanda. Watoto waliimba njia nzima. Carlos aliendesha bila kusema neno, na Charline alidhani ni mawazo ya mechi.

Uwanja ulikuwa na majani ambayo Goma haiyajui, laini, ya kukalia bila kuumia. Kulikuwa na bendera, muziki, soseji ndani ya mkate. Carlos aliwapaka watoto rangi usoni. Charline alikaa chini na Pilar mapajani, akajaribu kuuelewa mchezo. Wanaume saba kila upande, mapaja kama vinu, wanagombania mpira wenye umbo la papai. Ajabu ni kwamba walitaka kwenda mbele lakini mpira waliurusha nyuma. Walirundikana juu ya mtu mmoja mpaka ukadhani amekufa, kisha bwana mmoja mdogo mwenye filimbi akapuliza, na wote wakaamka, wakapeana mikono. Charline alicheka mpaka akafuta machozi. Huko alikotoka, wanaume wakirundikana hivyo hakuna filimbi inayosaidia.

"Unapenda?" Madame aliuliza.

"Napenda sana, Madame."

Na kweli alipenda. Timu ya Uganda ilipofunga, alisimama akapiga vigelegele vya kwao Masisi, na wazungu waliokuwa karibu wakampigia makofi.

Ni hapo, aliposimama, ndipo alipoangalia watu vizuri. Alimwona yule daktari mrefu wa kando ya ziwa. Alimwona mama mwenye mwavuli mwekundu, jirani yao wa kushoto. Aliwaona wale vijana wa jengo la ghorofa ambao hufanya mbio asubuhi. Kila alipogeuka, uso wa Goma. Alijiuliza, nani basi amebaki huko?

Mama wa mwavuli ndiye aliyemjibu bila kuulizwa. Alikuja mbio, akamkumbatia Madame, akaanza kulia, akasema kwa Kifaransa ambacho hata mtoto wa shule ya msingi angekielewa: "Kumbe na ninyi mmetoka! Wametuambia tusahau kurudi kabla ya Krismasi. Vitu vyenu mmeviacha?"

Madame alimkonyeza anyamaze. Ishara ile ya jicho, Charline aliiona. Alikuwa ameshika kikombe cha Pilar. Akakiweka chini polepole kwenye majani.

"Madame, tunarudi saa ngapi?"

Carlos aligeuza uso kutazama uwanja, na uwanjani wakati huo hakukuwa na mchezo.

"Charline, tulitaka kukuambia baada ya chakula."

"Mulijuaka tangu siku gani?"

"Alhamisi," Madame alisema. Amri ilitoka Alhamisi: kila familia ya kigeni iondoke kwa siri, kila moja na sababu yake, na wafanyakazi wenyeji wasiambiwe, ili mji usishtuke. "Lakini sisi tumekuleta! Unaelewa? Wengine hawakumleta mtu. Tumekuokoa."

"Rosette?"

Madame akaanza kulia. Alisema majirani ni watu wema, alisema Rosette ni mtoto mwenye akili, alisema labda mji hautaanguka. Kisha, akitafuta kitu cha kuonyesha kwamba naye ameumia, akasema, "Hata Tango tumemwacha."

Kwa mara ya kwanza Charline alielewa alichokifanya jana yake katikati ya njia. Siyo Rosette peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umekaa ukimngoja yeye.

Aliomba simu. Alimpigia Kambere mara kumi na mbili. Mtandao wa Goma ulikuwa umezidiwa, simu ilikuwa inakatika tu. Aliomba gari. Carlos akasema, bila kumtazama, kwamba hakuna gari la shirika linaloruhusiwa kuingia tena Goma, hata moja. Angoje amwone mkuu wake, huenda kesho. Wakamngojesha mpaka jua likazama. Kisha Charline alimtoa Pilar shingoni, kidole kimoja kimoja, mtoto akilia, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha mabasi. Basi la mwisho la Gisenyi lilikuwa limeondoka. Akalala pale pale kituoni.

Alichokosa kukijua siku ile alikuja kukisikia baadaye. Jumamosi saa sita mchana, kaka yake Kambere alifika mtaani na lori lake tupu, anakwenda Minova. Aliwaambia wapande wote, nafasi zipo, nauli hataki. Kambere alikuwa tayari ameshika godoro. Julienne ndiye aliyekataa. "Tuache bintu byetu bure? Mama Rosette anarudi leo. Mbwa iko pale." Kijana mmoja wa pikipiki alitumwa mpaka kando ya ziwa kuhakikisha, akarudi akasema ndiyo, amesikia mbwa anabweka ndani ya ua. Watu wakacheka kwa nafuu. Lori likaondoka na mabibi wawili na mbuzi.

Jumapili mchana Charline alifika mpakani. Goma ilikuwa inamwagika upande wa Rwanda: magodoro, masufuria, wazee kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, watoto waliofungwa kamba mikononi wasipotee. Yeye alikwenda kinyume chao, akisukumwa. "Mama, una wazimu?" askari wa mpaka alimuuliza, akampisha.

Karibu na kizuizi, gari jeupe la shirika lilikuwa linatoka, polepole, likipiga honi. Alimjua dereva, Cirimwami, mtu wa Bukavu. Alikimbilia dirisha. Kwenye kiti cha nyuma, peke yake, alikuwa amekaa Tango. Mbwa alimwona Charline, akasimama, akapiga kioo kwa mkia.

"Papa Cirimwami! Ulifika ku Katindo?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa na nafasi."

Cirimwami alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilikuwa na nafasi. Barua yangu inasema mbwa tu. Nisamehe, mama, niko na batoto."

Charline alimtukana. Alimtukana yeye, na Carlos, na mama aliyemzaa Carlos, kwa Kihunde, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, matusi ambayo hakujua kwamba anayo. Gari likapita.

Mtaa wake ulikuwa mtupu, milango imefungwa. Ni Kambere tu aliyekuwa amekaa mlangoni kwake juu ya magunia ya maharagwe, funguo za pikipiki mfukoni. Alimtazama Charline kama anayeona mzimu.

"Ulirudi?"

"Rosette iko wapi?"

"Asubui Julienne alienda naye ku kambi ya bakimbizi ya Mugunga, na batoto betu. Rosette alikuwa anaomba kukungoja. Julienne alimubeba ku mugongo, mutoto mukubwa vile. Mama Rosette, niambie. Ulijuaka?"

"Sikujuaka, Papa Kambere. Naapa."

Kambere akampa maji. "Nakuamini. Mutu mwenye kujua angebeba mutoto wake kwanza. Enda, enda mutafute."

Charline alimwambia aje naye. Kambere akasema magunia yale ni mkopo na jasho, hawezi kuyaachia wezi, na vita hupita. Huyo ndiye mtu pekee wa mtaa ule aliyepata kumwamini, na imani hiyo ilimfaa Charline kwa siku moja tu. Jumatatu askari wa kambi walipoanza kukimbia, wawili waliingia mtaani wakitaka pikipiki. Kambere alichelewa kutoa funguo. Wakampiga risasi, akaanguka juu ya maharagwe yake.

Charline alimpata Rosette Mugunga siku ya Jumanne, chini ya turubai, akiwa amelala mapajani mwa Julienne. Wanawake hao wawili walilia pamoja kwa furaha, kwa sababu habari ya Kambere ilikuwa bado haijafika. Ilifika kesho yake, na tangu hapo Julienne hakulia tena mbele yake.

Walipomzika Kambere, Julienne alisema mbele ya watu wote, "Ulituambiaka mbwa anabaki."

"Balinidanganya! Kama nilijuaka, ningeacha mutoto wangu?"

"Uliacha mutoto kwangu, ili mwingine amubebe. Ulijua nitamubeba."

Majirani walirudi mmoja mmoja, waasi walikuja wakaondoka, na kila aliyerudi aliambiwa: alikwenda Kigali kula soseji, akatuacha na maneno ya mbwa. Julienne alimtukana asubuhi na jioni. Rosette alipigwa mawe na watoto aliokuwa amelala nao chini ya turubai moja.

Wiki moja kabla ya Krismasi gari jeupe liliingia mtaani. Madame alishuka, akamkumbatia Charline. Alikuwa na mfuko wa nguo za Rosette. Nyumba iko salama, alisema, watoto wanamlilia, arudi kazini.

"Madame, sitaki nguo," Charline alisema. "Nataka kitu kimoja. Enda kwa Julienne. Muambie mulijua jeudi, ile Alhamisi, na miye hamukuniambia. Basi. Nikitoka hapo, nitakutumikia mpaka nizeeke."

Madame alilia. Alisema ndiyo, Charline, bila shaka, ni haki yako. Alishika mkono wake njiani, na dereva akafuata na gunia la mchele.

Uani kwa Julienne watu walijaa kufumba na kufumbua. Charline alitaka kutafsiri, lakini Madame alimzuia kwa upole. Alitaka kusema mwenyewe, kwa Kiswahili, maneno ambayo Charline alikuwa amemfundisha moja moja kando ya jiko.

"Pole sana, mama," Madame alimwambia Julienne, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Pole sana kwa bwana yako. Charline ni mama muzuri. Vita ilikuya mbio sana. Hapana mutu alijua. Hata sisi, hatukujua."

Charline alidhani Kiswahili kimempotea Madame. "Madame. Jeudi. Ulisema jeudi."

Madame aligeuka, akamjibu chinichini kwa Kifaransa. "Siwezi, Charline. Kuna watu waliolishitaki shirika. Wametukataza kusema lolote. Nielewe." Kisha akawageukia watu tena, akamshika Charline bega, pale pale alipomshika siku ya viazi. "Charline amechoka sana," alisema kwa Kiswahili. "Ameteseka."

"Anadanganya!" Charline alipaza sauti. "Munasikia? Anadanganya!"

Walisikia. Lakini walikuwa wamezoea miaka mingi kusoma ukweli kwa wazungu na siyo kwa mtu mwingine, na ni Charline mwenyewe aliyewazoeza, jioni baada ya jioni. Sasa mzungu amekuja mpaka uani, amelia, amesema hakujua. Basi mwenye kujua alikuwa nani?

Julienne alisimama. Alilipokea gunia la mchele kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Aksanti, Madame."

Madame alimwita Charline ndani ya gari, akajipangusa macho, akashusha pumzi. "Imekwenda vizuri, siyo? Wamepokea vizuri. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu?"

Charline alishuka. Jumatatu hakwenda, Jumanne hakwenda. Jumatano alikwenda, kwa sababu Rosette alikuwa anakula kila siku.

Tangu siku ile Julienne hakumtukana tena. Wakikutana asubuhi kwenye bomba la maji, anasogeza bidoni yake ya maji pembeni na kumpisha mbele ya foleni. Anatabasamu kwa adabu, anainamisha kichwa, na kumwambia, "Bonjour, Madame."